Gari Zuri, Lakini

Mwaka 2002 Toyota Corolla ilipitwa. Ilikuwa imeongoza mauzo ya kila mwaka nchini Japan kwa miaka 33 mfululizo, na aliyeishusha alikuwa mgeni aliyeingia sokoni mwaka mmoja tu uliotangulia: Honda Fit, kigari kifupi cha milango mitano, tangi lake la mafuta limefichwa chini ya viti vya mbele ili vya nyuma vikunjike hadi sakafu iwe sawasawa, na injini ya cc 1,339 isiyo na kiu. Wajapani hawahitaji kufundishwa habari za magari madogo. Kama waliipenda kuliko Corolla, walikuwa na sababu zao. Miaka michache baadaye Fit hizohizo, zikiwa zimekwisha kutumika, zilianza kushuka melini Mombasa na Dar es Salaam pamoja na Toyota Vitz na IST. Umri mmoja, ukubwa mmoja, na zimetoka kwenye minada ileile. Huku, hata hivyo, mambo yakageuka. Nairobi ikajaa Vitz, Axio na Fielder. Dar es Salaam ikajaa IST hadi ukadhani zinatotolewa. Fit ikabaki kuwa gari linalosifiwa kwa sentensi isiyofika mwisho: gari zuri, lakini.

Hiyo "lakini" ina historia ndefu kuliko Fit yenyewe, na ndiyo inayonihusu hapa. Mnunuzi wa gari la kila siku katika Afrika Mashariki haanzi kufikiri kutoka siku ya kulinunua. Anaanzia mkiani: siku litakapozima njiani, siku bushi zitakapokwisha, siku karo ya shule itakapomlazimu kuliuza. Kutoka huko ndipo hurudi nyuma hadi dukani. Kwa hiyo ushindani wa magari madogo na sedani katika miji yetu haujawahi kuwa hasa ushindani wa magari. Umekuwa ushindani wa gereji, wa maduka ya spea, na wa idadi ya mafundi wanaoweza kuifungua injini fulani wakaifunga tena bila kubakiwa na nati mkononi. Wengi hudhani tabia hii ililetwa na magari ya mtumba kutoka Japan. Nadhani wamekosea kwa miaka arobaini hivi.

Turudi mwishoni mwa Mei 1953. Kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, wapenda magari wa Nairobi walianzisha mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, zikaitwa Coronation Safari. Kanuni moja ya mbio hizo inafaa kukumbukwa kuliko majina ya washindi: magari hayakupangwa katika makundi kwa ukubwa wa injini, bali kwa bei yake dukani. Yaani tangu mwanzo Safari ilikuwa, pamoja na mengine, jaribio la hadharani kwa ajili ya mnunuzi: kwa shilingi hizi, gari gani litafika? Jibu la miaka ile mara nyingi lilikuwa Volkswagen ya mgongo wa duara, ambayo ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Haikuwa na kasi, wala nafasi, wala buti la maana. Ilikuwa na injini inayopozwa kwa hewa, kwa hiyo hapakuwa na rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka kwenye mlima. Na kwa kuwa injini ilikaa nyuma, uzito uliyakandamiza magurudumu yanayosukuma, jambo la kumshukuru Mungu penye tope. Zaidi ya yote, fundi mwenye spana za kawaida aliweza kuishusha injini nzima, akaitazama, akairudisha.

Wanunuzi wa enzi ile walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa walowezi, maofisa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mwafrika mwenye gari lake alikuwa nadra. Hilo lisitufiche jambo lingine. Elimu ya gari tayari ilikuwa inakaa mahali pasipo na kioo cha dukani, yaani kwenye gereji, nyingi zikiwa za Masingasinga, na chini ya magari yake walikuwepo vijana Waafrika waliokuwa wakijifunza kwa macho na masikio. Joginder Singh, aliyeshinda Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, alitoka katika ulimwengu huo: alikuwa mtoto wa mwenye gereji, na fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Hata Volvo PV544 waliyoshinda nayo haikuwa mpya, bali gari lililokwisha kutumika kwenye mashindano kabla ya kufika kwao. Fundi na gari la mkononi wakawashinda matajiri waliokuja na magari ya kiwandani. Ukitafuta picha moja ya historia ya magari katika nchi hizi, hiyo inatosha.

Aliyechukua nafasi ya Volkswagen alikuwa Mfaransa. Peugeot 404 ilishinda Safari ya 1963, ambayo magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, kisha ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Baada yake ikaja 504, sedani ndefu yenye springi laini zenye kupanda na kushuka sana, iliyolala juu ya mashimo kama mtu anayelala kwenye kitanda cha kamba. Serikali ziliinunua, mashirika ya umma yaliinunua, walimu wakuu na madaktari waliinunua. Ile ya mgongo mrefu, yenye safu tatu za viti, ikawa teksi ya masafa nchini Kenya, ikiunganisha Nairobi na miji ya Bonde la Ufa na Magharibi kwa mwendo ambao abiria waliusimulia kwa fahari na kwa hofu. 504 ikaunganishwa pia kiwandani Mombasa, na uunganishaji huo uliendelea hata baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza sedani ya 504 mwaka 1983. Kwa miaka kama ishirini, kila mji uliokuwa na kituo cha mafuta ulikuwa na mtu aliyeijua 504 kwa kuisikiliza tu.

Basi kwa nini Peugeot ilipotea? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba Mjapani alileta gari bora na la bei nafuu. Nusu yake ni kweli. Lakini 504 haikuacha kuwa gari zuri kwa barabara zetu. Barabara ndizo zilizokuwa zikizidi kuharibika, na kwa kipimo hicho ilitakiwa ipendwe zaidi. Kilichokatika ni mnyororo wa spea. Waswahili husema kufa kufaana, na hakuna penye ukweli wake kama kwenye uwanja wa magari mabovu: kila gari linalopinduka huacha mlango, taa, gia na nusu ya injini kwa walio hai. Ili mnyororo huo uendelee, lazima magari ya aina hiyo yazidi kuingia kwa wingi, mapya na yaliyotumika. Ufaransa huendesha kulia, na usukani wa magari yake uko kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania tulirithi kushoto kwa Mwingereza. Magari ya mtumba ya Ufaransa hayakuweza kumwagika huku hata yangetolewa bure. Yaliyotumika Japan, ambako pia huendeshwa kushoto, yaliweza. Peugeot za kwetu zikawa zinakufa bila kuzaliwa nyingine. Warundi na Wanyarwanda, ambao huendesha kulia, waliuona upande wa pili wa jambo hili: magari yenye usukani wa kulia yakawafikia pia kwa sababu ya bei, hata Rwanda ikalazimika kupiga marufuku kuyaingiza.

Hapa inafaa kuvuka bahari kidogo, kwa sababu washindani waliotuandalia sedani zetu walianza kugombana kwao. Aprili 1966 Nissan ilizindua Sunny, ambayo huku ikajulikana kama Datsun, ikiwa na injini ya cc 988. Toyota walikuwa wakiandaa Corolla yao. Wakaitoa Novemba mwaka huohuo ikiwa na cc 1,077, na katika matangazo wakazitangaza cc zile mia za ziada kama neema. Mwaka 1970 Nissan wakajibu kwa Sunny ya cc 1,200 na tangazo la kumfanya mwenye Corolla aone gari lake limekuwa dogo ghafla. Ni utani wa majirani, ila wenye mabilioni ndani yake. Matokeo yake kwetu yalikuwa kwamba viwanda viwili vikubwa vilijifunza kutengeneza gari lilelile, la milango minne na buti, jepesi, la injini ndogo, na kulifanya kila mwaka liwe gumu zaidi kuharibika na rahisi zaidi kurekebishwa.

Datsun ndiyo iliyotangulia kutia fora huku. Ilishinda Safari mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Wako wanaosema basi jibu ni hilo: watu walinunua walichokiona kikishinda. Ukitazama orodha nzima ya washindi hoja hiyo inalegea. Mercedes ilishinda mara tatu mfululizo kuanzia 1959 hadi 1961, na haikuwa gari la kila siku la mtu wa kawaida. Ilichotuachia ni neno Wabenzi. Ford ilishinda 1964, 1969, 1972 na 1977. Mitsubishi Lancer ilishinda 1974 na 1976, tena na Joginder yuleyule. Volvo ya 1965 haikuifanya Nairobi kuwa mji wa Volvo. Ushindi wa mbio ulimfanya mnunuzi aulizie gari; haukumfanya alilipie. Datsun ilikuwa na cha kuonyesha baada ya maulizo: D.T. Dobie, aliyeiuza pamoja na Mercedes, alikuwa na gereji na stoo za spea, na fundi wa mtaani aliyeizoea 1200 hakupotea alipoletewa 120Y. Kutoka hapo hadi Sunny B12, B13 na B14 zilizotapakaa Kenya ilikuwa ni kupanda ngazi ileile.

Tanzania ilifika huko kwa njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha, gari binafsi lilikuwa kitu cha kuombewa radhi. Fedha za kigeni zilikuwa haba, uagizaji ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na magari mengi mazuri yalibeba namba za SU, yaani za mashirika hayo, au za serikali. Kulikuwa hata na marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana mafuta. Hali hiyo mara nyingi husimuliwa kama kisa cha upungufu tu. Mimi naiona pia kama chuo. Asiyeweza kununua gari jipya wala spea mpya hulazimika kumtegemea mtu anayeweza kuchonga, kuunga na kubadilisha cha gari hili kikae kwenye lile. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hawakuzaliwa na soko huria. Walilikuta soko huria wakiwa tayari wamehitimu. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na baadaye Mzee Mwinyi alipokuwa Mzee Ruksa, magari yakaanza kuingia kupitia Dubai, na baadaye moja kwa moja kutoka Japan. Swali la mnunuzi halikubadilika: nani ataliweza?

Kwa nini Japan iwe na magari mazuri ya kutupa? Kwa sababu ya sheria, si kwa ukarimu. Gari jipya la Mjapani hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na siku ya ukaguzi ndiyo siku ya kulipa pia bima ya lazima na kodi ya uzito. Hadi 1995, gari lililopita miaka 10 lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Mwenye gari la miaka saba hupiga hesabu, akaona ni afadhali aliachie mnadani. Kodi ya kila mwaka nayo hupanda kwa ngazi: hadi cc 1,000, hadi 1,500, hadi 2,000. Ndiyo maana injini za Japan husimama ukingoni kama mbuzi mbele ya mto: 996, 1,497. Watawala wetu walipokuja kupanga ushuru wao walichora mistari karibu na mistari ileile. Tanzania haitozi ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi cc 1,000, hutoza asilimia 5 hadi cc 2,000, na gari lenye umri mkubwa huongezewa mzigo wa uchakavu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na tangu mwishoni mwa 2019 injini iliyozidi cc 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 badala ya 20. Uganda ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi mwaka 2018.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoingia. Mchumi atasema: hakuna fumbo. Watu hununua gari dogo kwa sababu ya ushuru na bei ya petroli. Habari za mafundi ni hadithi ya kupamba. Sehemu kubwa ya hoja yake ni sahihi, na ndiyo inayoeleza kwa nini sedani imerudi nyuma. Corolla 100 na 110, Carina na Sunny zilizokuwa ndoto ya mfanyakazi wa miaka ya 1990 zimepisha vigari visivyo na buti kwa sababu cc zilipanda bei, foleni zikarefuka, na teksi za kuitwa kwa simu, zilizoenea Nairobi kuanzia mwaka 2015 na Dar es Salaam 2016, hazimlipi dereva kwa ukubwa wa buti. Sedani iliyobaki na heshima, Toyota Premio, imejifunza kujikunja: ile ya cc 1,500 hukaa upande wa nafuu wa mstari wa Kenya, na ile ya 1,800 hupita upande wa pili. Ushuru, basi, huchagua kundi. Hauwezi kuchagua mshindi ndani ya kundi. Fit ya cc 1,339, Mazda Demio ya 1,348, Nissan March, Vitz na IST za 1,298 husimama kwenye ngazi moja, hulipa asilimia zilezile, na hunywa mafuta karibu sawa. Mwishoni mwa 2015 Kenya iliweka ushuru wa mkupuo wa shilingi 200,000 kwa kila gari lililozidi miaka 3, mzigo ulioviumiza vigari vidogo kabla ya kuondolewa mwaka uliofuata, nao uliviangukia vyote kwa uzito mmoja. Demio ilikuwa Gari la Mwaka la Dunia 2008, tuzo ambayo Vitz haijaipata. Kama bei na mafuta vingekuwa ndiyo maelezo yote, washindani hawa wangegawana barabara. Hawakugawana.

Kilichowatenganisha kinaonekana ukifungua boneti. Injini ya Fit ya kwanza ilikuwa na plagi mbili kwa kila silinda, jumla plagi 8 kwa silinda 4. Ni ufundi mzuri wa kuchoma mafuta vizuri, lakini kwa fundi aliyezoea kubadilisha plagi nne ilikuwa bili ya kumweleza mteja mara mbili. Gia zake zilikuwa za CVT, zisizo na meno ya kawaida bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na zilidai mafuta yake maalumu. Mahali ambapo mafuta ya gia ya otomatiki yalikuwa yakichotwa kwenye kopo lolote jekundu, gia hizo ziliuawa na mapenzi mema. Gari halikuwa na kosa. Lilikuwa limetangulia kufika kabla ya elimu yake, na aliyelinunua mapema ndiye aliyelipa ada ya darasa.

Mwingine ataniambia nimezunguka mno: watu hununua jina la Toyota, basi. Kuna ushahidi wa kumkatalia, nao umo ndani ya Toyota yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya Japan vilileta injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mitsubishi waliiita GDI, Toyota wakaiita D4. Pampu zake zilitaka petroli safi, na petroli yetu ya wakati ule ilichanganywa na mafuta ya taa kwa ujasiri; Tanzania ililazimika kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachanganyaji. Mitsubishi Galant zenye GDI zikaporomoka bei. Na Toyota za D4? Zikaporomoka nazo, beji ya Toyota ikiwa puani. Wauzaji wakalazimika kuandika VVT-i kwenye matangazo yao, wakiwahakikishia wateja kwamba injini hii siyo ile. Mnunuzi ambaye hajawahi kushika spana alijifunza kutofautisha herufi za injini kwa sababu fundi wake alimtisha nazo. Anayeabudu jina tu hafanyi hivyo.

Liko pingamizi la mwisho, na hili silipingi lote. Huenda haya ni kufuata mkumbo tu: watu hununua IST kwa sababu watu wananunua IST. Ni kweli kwamba mkumbo upo, lakini mkumbo huu una akiba ndani yake. Gari la kila siku kwa familia nyingi ni pia benki. Dalali wa Dar es Salaam hulitaja kwanza kwa herufi ya namba yake, kwamba ni namba C au namba D, kwa sababu herufi hiyo humwambia mnunuzi lini liliingia nchini, kisha aina, na kwa aina fulani simu yake huita siku hiyohiyo. Anayechagua gari ambalo wengine hawalitaki amefunga fedha zake mahali pasipo na mlango. Tatizo ni kwamba usalama huo una gharama ambayo hatuipigii hesabu. Gari lenye spea nyingi ndilo lenye soko la spea za wizi: vioo vya pembeni vya Vitz hung'olewa foleni ikiwa imesimama, wakati mwenye gari lisilojulikana hulala usingizi. Na kwa kuwa kila mtu anataka aina ileile, Toyota iliyochoka huuzwa kwa bei ambayo ingetosha kununua mshindani wake akiwa na miaka miwili pungufu. Tumejinunulia utulivu wa fundi, na tumemlipia vizuri.

Kuna jaribio moja lililopuuza kanuni hii kabisa. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari machache ya Nyayo yalionyeshwa hadharani Kasarani. Husemwa kwamba yalikwamishwa na fedha, na fedha kweli hazikuwepo. Lakini hata fedha zingepatikana, Nyayo Pioneer ingeingia barabarani bila ndugu: hakuna moja lililopinduka Nakuru ili likatoe taa kwa la Kisumu. Volkswagen Polo Vivo, iliyoanza kuunganishwa Thika mwishoni mwa 2016, ilikuja na jina kubwa na bei ya gari jipya, ikakutana na mlima huohuo kwa upande wake mwingine. Mjukuu wa mshindi wa 1954 alirudi akakuta mafundi waliomjua babu wamezeeka.

Elimu ya fundi, hata hivyo, haisimami. CVT iliyoiponza Fit iliingia ndani ya Toyota pia, kwenye baadhi ya Vitz, na kwenye Axio kuanzia 2006, na mafundi wa Kirinyaga Road ya Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, na wa Kisekka kule Kampala, wakajikuta hawana pa kukimbilia. Wakajifunza. Mafuta yake maalumu yakaanza kupatikana madukani, na Fit ikaanza kusemwa bila kuinamisha sauti. Sasa zimu lililo mlangoni ni betri. Toyota Aqua, iliyozinduliwa Desemba 2011, imekwisha kupata watu wanaoifungua betri yake na kubadilisha seli mbovu moja moja. Jina la Vitz limefutwa Japan tangu 2020, na kwa kanuni ya miaka 8 zilizosajiliwa mwaka huo zitaacha kupokelewa Mombasa muongo huu haujaisha. Wafanyabiashara wa yadi wanaitafuta itakayorithi. Nissan Note e-Power, ambayo injini yake haigusi magurudumu bali huzalisha umeme tu, ni tulivu, ni nyepesi mafuta, na bei yake mnadani si mbaya. Anayeiulizia yadini husifiwa kwa macho yake, kisha huulizwa ataipeleka kwa nani.